Haijawahi Kukaliwa: Sifa Ambayo Mnunuzi wa Nyumba Anapaswa Kuiogopa

Matangazo ya madalali wa Dar es Salaam yana sentensi moja isiyokosekana: "Nyumba mpya kabisa, haijawahi kukaliwa." Huandikwa juu kabisa, kabla ya idadi ya vyumba, kabla ya ukubwa wa kiwanja, wakati mwingine hata kabla ya bei. Na wanunuzi wanaipenda. Nani asiyetaka kuwa wa kwanza kulala chumba kikubwa, wa kwanza kufungua koki ya jikoni, wa kwanza kukanyaga marumaru ambazo bado zina vumbi la saruji pembezoni?

Mimi sentensi hiyo hunitia wasiwasi. Nyumba iliyokaliwa miaka kumi na tano imeshapita masika kumi na tano. Kama msingi ulikuwa wa kutitia, umeshatitia na ufa unaonekana. Kama paa linavuja, doa liko darini. Kama shimo la maji taka ni dogo, majirani wameshalisikia na watakwambia bila kuulizwa mara mbili. Kasoro zake ziko hadharani, na bei imeshapunguzwa kwa sababu yake. Nyumba mpya haina rekodi hiyo. Inachokuonyesha ni rangi, na rangi ni kazi ya wiki ya mwisho. Anayenunua nyumba mpya ananunua kazi ambayo hakuiona ikifanyika, kwa hiyo kukagua kuta peke yake hakumtoshi. Anahitaji ushahidi wa jinsi ilivyojengwa, na anahitaji sehemu ya fedha zake ibaki mahali ambapo muuzaji hawezi kuigusa mpaka mvua zipite.

Tukizungumzia kasoro za majengo, mawazo yetu hukimbilia maporomoko. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikiwa inanyesha Nairobi, jengo la ghorofa sita la Huruma lilianguka likiwa limejaa wapangaji, na waliokufa walifikia takriban 50. Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, na kwa wiki mbili kila mtu mjini akageuka mhandisi. Kwenye daladala watu walikuwa wakibishana kuhusu unene wa nondo. Kisha tukaendelea na maisha.

Matukio hayo yanastahili kilio na uchunguzi, lakini kwa mnunuzi wa nyumba ya kawaida yana namna ya kumpotosha. Yanamfanya ajiulize swali moja tu: itaanguka? Akishaona kuta zimesimama wima, anajijibu kwamba haitaanguka, na analipa. Nyumba nyingi zenye kasoro hazianguki. Zinakudai. Zinakudai plasta mpya ya chini ya kuta kila baada ya miaka miwili, zinakudai marumaru za sebuleni, zinakudai gari la kunyonya maji taka kila mwezi wa Aprili. Hizo ndizo hasara zinazomfika mnunuzi wa Madale, Kigamboni au Kibaha, na hakuna gazeti litakaloandika habari zake.

Tuanze na nani anajenga. Mtu anayejijengea huenda saiti. Anahesabu mifuko ya saruji, anagombana na fundi, anaibiwa mifuko miwili na analijua hilo. Lakini mwisho wa yote ni yeye atakayelala pale, kwa hiyo kuna mambo hayakubali. Anayejenga ili auze yuko kwenye hesabu nyingine. Kila anachookoa kwenye ujenzi kinaingia mfukoni mwake leo, na gharama ya alichookoa italipwa na mtu mwingine kesho. Sisemi wote ni matapeli. Wako waendelezaji wanaojenga vizuri kuliko mimi na wewe tungejijengea. Wengi ni watu wa kawaida tu wenye mkopo wa benki ambao riba yake haisubiri, na haraka peke yake inatosha kuharibu nyumba bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Chukua zege. Zege halikauki kama nguo; linakomaa, na ili likomae linahitaji maji. Jamvi, yaani zege la sakafu, au nguzo iliyomwagwa leo inatakiwa iwe na unyevu kwa siku zisizopungua saba, na nguvu yake hupimwa rasmi ikifika siku ya 28. Saiti yenye haraka humwagilia siku mbili, siku ya tatu ni Jumapili, siku ya nne gari la maji halikuja, siku ya tano mafundi wameshaanza kupanga tofali juu yake. Zege hilo litashika. Litabeba. Ila uso wake utabaki na vitundu, utapitisha maji na hewa kirahisi, na katika mji wa pwani hewa hiyo ina chumvi. Chumvi ikifika kwenye nondo, nondo inaota kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka na kumeguka. Mchakato huo huchukua miaka. Ukisimama mbele ya nguzo iliyopakwa rangi ya maziwa, huoni kitu.

Tofali nazo ni hivyo hivyo. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 uliotoa tofali 25 na mfuko uliolazimishwa kutoa 50 hutoa tofali zenye rangi ileile na umbo lilelile. Tofauti utaijua ukizibeba kabla hazijajengwa, au ukijaribu kupigilia msumari wa pazia na ukuta ukatoa unga kama muhogo mkavu.

Halafu kuna kitu ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kasoro inayowasumbua wanunuzi wengi kuliko zote, na ambacho watu hukitaja kidogo sana: kifusi cha chini ya jamvi. Kiwanja kina mteremko, msingi umenyanyuliwa, ndani ya msingi panajazwa udongo. Udongo huo unatakiwa kujazwa kwa tabaka, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa. Kinachofanyika mara nyingi ni lori kumwaga, vijana kusawazisha kwa koleo, na zege kupita juu siku hiyohiyo. Mwaka wa kwanza kifusi kinashuka chenyewe. Jamvi linabaki likining'inia, kisha linapasuka, marumaru zinafuata, na pembeni mwa chumba unaona mwanya kati ya sakafu na ukuta unaoingia ncha ya kidole. Kuta hazina tatizo lolote, paa halina tatizo, na bado ili kurekebisha itabidi uhame.

Niliwahi kumsindikiza shemeji yangu kuangalia nyumba ya vyumba vitatu Goba. Alikuja na fundi mmoja mzee ambaye siku hizi hapandi tena jukwaa, na mzee huyo hakuanza na sebule kama sisi. Alitoa sarafu ya shilingi mia mbili mfukoni, akachuchumaa, akaanza kugonga marumaru moja baada ya nyingine, polepole, akielekea ukutani. Mlio ulikuwa mzito, mzito, mzito, kisha ukabadilika ukawa mwepesi wa kitu kilicho wazi chini. Akachora alama ya chaki. Alipomaliza chumba, alama zilikuwa zimejikusanya kwenye kona moja, upande wa bondeni.

"Mzee, hizo ni marumaru za Hispania," dalali alisema.

"Naona, mwanangu. Na kifusi nacho kimetoka Hispania?"

Baada ya hapo dalali alitoka nje kupokea simu. Mzee akaomba ndoo ya maji, akaimwaga yote sakafuni bafuni, tukasimama mlangoni kuangalia. Maji yalizunguka, yakapita mbele ya tundu la kutolea kama yasiyolijua, yakaja mlangoni kwetu. Kwenye ukuta wa nyuma, nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo fundi wa rangi hakuona sababu ya kujisumbua, mzee alikwaruza plasta kwa ufunguo wa gari la shemeji. Ukaingia bila kulazimishwa. Akapitisha kidole juu ya mlango wa chumbani, kwenye ule ubavu wa juu usioonekana: mbao tupu, haijaguswa na rangi wala vanishi, tayari kunywa unyevu wa masika na kuvimba.

Nimetaja sehemu hizo kwa sababu zina kitu kimoja cha kujifunza. Mjenzi mwenye haraka hutumia nguvu zake pale macho ya mnunuzi yanapotua, yaani geti, sebule, kabati za jikoni, taa za dari ya jipsamu. Kwa hiyo ukaguzi wenye faida ni ule wa sehemu ambazo hakutarajia uzitazame. Ndani ya kabati la chini ya sinki. Nyuma ya tangi. Ndani ya chemba ya maji taka, ufunuliwe mfuniko, uone kama mabomba yameungwa au yameishia hewani. Juu ya dari, kupitia kile kimlango kidogo, saa sita mchana jua likiwa kali: kila nukta ya mwanga unayoiona kwenye bati ni tone la maji la mwezi wa Aprili. Hukohuko juu utaona mbao za kupaulia. Rangi ya kijani ni dalili kwamba zimetiwa dawa ya mchwa, ingawa kijani hupakwa pia, kwa hiyo dai risiti ya mahali ziliponunuliwa. Bati nalo lina geji, na namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko 28. Wapo wanaotamka 28 huku wamepaua 32, na ukiwa chini huwezi kujua.

Umeme usiuache kwa kuwa taa zinawaka. Taa zitawaka hata kama waya wa erthi umefika kwenye soketi zote na upande wa pili haukuunganishwa na kitu chochote ardhini. Kwenye boksi la breka kuna kile kinachokata umeme ukivuja, chenye kitufe cha majaribio. Kibonyeze, kisipokata, hakikulindi. Fundi aliyefunga mfumo anapaswa kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na kumuuliza muuzaji jina lake si ukorofi. Kwa mabomba, funga koki zote, kasome mita ya maji, rudi baada ya nusu saa usome tena: namba ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja.

Nyufa zinahitaji maneno ya ziada kwa sababu ndizo zinazowatisha watu wasipopaswa kutishika, na kuwatuliza wasipopaswa kutulia. Ufa mwembamba kama unywele, unaotambaa bila mpangilio kama ramani ya mito, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka. Haupendezi lakini hauna njama. Ufa uliolala sawasawa kwenye mstari ambapo ukuta wa tofali unakutana na nguzo ya zege unatokana na vitu viwili tofauti kutanuka kwa namna tofauti, na fundi mzuri angeweka wavu wa chuma pale kabla ya kupiga plasta. Wa kuogopa ni ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kuelekea dari, hasa ukiwa mpana upande mmoja kuliko mwingine, na ule unaoshuka kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali. Hizo ni habari za msingi. Kama ncha ya kalamu ya wino inaingia, mwite mhandisi kabla hujajadili bei. Na ukiona mstari wa rangi ambao ni mpya kuliko rangi ya ukuta wote, tayari kuna mtu aliyeuona ufa kabla yako.

Udongo ndio mara nyingi unaoamua. Kibaha, mkoani Pwani, kuna maeneo yenye udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, na wahandisi wameshachunguza nyumba za huko zilizopasuka kwa sababu hiyo. Nairobi na Athi River wana udongo mweusi wa pamba, ambao kila mjenzi makini wa huko anajua kwamba huchimbwa ukaondolewa, au msingi ushushwe chini yake. Ukitaka kujua kiwanja kimekaa juu ya nini bila kulipa mtu, nenda wakati wa kiangazi uangalie ardhi tupu ya jirani: ikiwa imepasuka mapande mapande, yenye nyufa pana zinazoingiza vidole, nyumba iliyojengwa juu yake na msingi wa kawaida itacheza kila msimu.

Lakini nenda pia wakati wa mvua. Ningesema hili ndilo jambo moja nisilolijadili: usinunue nyumba ambayo hujaiona mvua ikinyesha, au angalau asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Maji yatakueleza kama ua una mteremko, kama mfereji wa mtaa unaishia getini kwako, kama maji ya jirani wa juu yanapita chini ya ukuta wako. Kama ratiba haikuruhusu, nunua chai kwa mama ntilie wa kona au kaa na bodaboda wa kijiweni. Waulize magari hupita wapi mwezi wa Aprili. Kuna maswali ambayo muuzaji hujibu kwa tabasamu na bodaboda hujibu kwa kukuonyesha alama ya maji ukutani.

Sasa tuje kwenye yale yasiyoonekana hata kwa macho ya mzee wa sarafu. Idadi ya nondo kwenye nguzo, nafasi kati ya ringi na ringi zinazofunga nondo hizo, retio ya zege la msingi (uwiano wa saruji, mchanga na kokoto), nailoni ya kuzuia unyevu chini ya jamvi: vyote vimezikwa. Hapa ukaguzi wa macho unakoma na karatasi zinaanza, na karatasi ndizo ambazo wanunuzi wetu huzidharau. Mnunuzi atatumia wiki tatu kuhakiki hati ya kiwanja, na anafanya vizuri, kisha hataomba karatasi hata moja inayohusu jengo lenyewe.

Omba kibali cha ujenzi cha halmashauri pamoja na michoro iliyoidhinishwa, kisha simama na mchoro mkononi uhesabu ghorofa na nguzo. Jengo lililoongezwa ghorofa ambayo haimo kwenye mchoro lina msingi uliokokotolewa kwa mzigo mwingine. Omba jina la mkandarasi na daraja lake kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa kuwa madaraja yapo saba na kila moja lina kikomo cha kazi. Na jina la mhandisi aliyesimamia, uliulizie kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Nairobi utauliza Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kwa ghorofa, omba matokeo ya vipande vya zege vilivyovunjwa maabara siku ya 7 na ya 28. Muuzaji mwenye karatasi hizo huzitoa kwa fahari. Asiye nazo atakwambia fundi wake ana uzoefu wa miaka ishirini, na hapo umeshapata jibu lako.

Kuna karatasi moja inayowapa watu utulivu wa uongo: ripoti ya mthamini wa benki. Watu husema, "Benki wamekagua." Mthamini ameiambia benki nyumba hiyo inaweza kuuzwa kwa bei gani ukishindwa kulipa mkopo. Hakupanda darini wala hakupima zege, kwa sababu hakutumwa hivyo. Kama unataka mtu atumwe hivyo, mlipe mwenyewe mhandisi aliyesajiliwa, ambaye muuzaji hakumpendekeza. Anaweza kuja na nyundo maalumu ya kupimia ugumu wa zege kwa mdundo wake na kifaa cha kutafuta nondo bila kubomoa. Mimi ningeenda na wote wawili, mhandisi na fundi mzee. Mhandisi anasaini ripoti ambayo wakili anaweza kuitumia. Fundi anajua ujanja wote kwa sababu, tuseme ukweli, baadhi ameufanya yeye.

Hata hivyo, mhandisi hodari kuliko wote hawezi kuiona mvua ambayo haijanyesha. Kuna kasoro ambazo hujitokeza tu jengo likishakaa na uzito wake, na likishapata msimu mmoja wa mvua na mmoja wa jua. Hapo swali linakuwa nani atalipa, na sheria zetu hapo zinamwacha mnunuzi peke yake kuliko anavyodhani.

Ufaransa, kwa sheria ya Januari 1978, mjenzi anawajibika miaka 10 kwa kasoro zinazohatarisha uimara wa jengo au kulifanya lisifae kwa matumizi yake, miaka 2 kwa vifaa kama milango na vitasa, na mwaka 1 kwa kasoro zozote zilizoripotiwa. Bima ya kugharimia kasoro za ile miaka 10 ni lazima ichukuliwe kabla ya kazi kuanza, na haki hiyo hubaki na jengo hata likiuzwa kwa mtu wa tatu. Uingereza nyumba nyingi mpya huuzwa zikiwa na dhamana ya miaka 10, na miwili ya mwanzo mjenzi mwenyewe ndiye anayerudi kurekebisha. Tanzania, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inahusu vitu vinavyohamishika. Simu yako ina ulinzi ambao nyumba yako haina. Unaweza kushtaki kwa kuvunjwa mkataba ndani ya miaka 6, au kwa uzembe ndani ya miaka 3, na Kenya muda ni huohuo. Lakini kushtaki kwa mkataba kunahitaji mkataba uliosema kitu. Mikataba mingi ya mauziano ya nyumba niliyoisoma ina kurasa za mipaka ya kiwanja na jinsi ya malipo, na kuhusu jengo ina mstari mmoja: mnunuzi ameiona nyumba na ameridhika nayo. Mstari huo ameuandika wakili wa muuzaji, na haupo pale kwa bahati mbaya.

Kinachonishangaza ni kwamba dawa tunayo na tunaitumia kila siku mahali pengine. Halmashauri ikijenga darasa au kipande cha barabara, mkandarasi halipwi yote siku ya makabidhiano. Sehemu ya fedha, aghalabu asilimia 5 au 10, huzuiliwa, na mradi huingia kwenye kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja. Kasoro ikijitokeza anarudi kurekebisha. Asiporudi, fedha zake zinatumika kumlipa mwingine. Viongozi hutaja neno hilo kwenye kila ziara ya kukagua miradi, na wananchi wanalielewa. Kisha mwananchi huyohuyo ananunua nyumba ya shilingi milioni 180, analipa mpaka senti ya mwisho, anapewa funguo na kupeana mikono. Darasa la kijiji lina matazamio. Nyumba yake haina.

Asilimia 5 ya milioni 180 ni milioni 9. Fedha hizo zikikaa kwenye akaunti ya wakili ambaye pande zote mbili zimemkubali, muuzaji ana sababu ya kupokea simu yako mwezi wa Mei. Bila hizo, utakuwa unapiga namba ambayo haipatikani, au unafuata kampuni iliyosajiliwa kwa ajili ya nyumba zile nne tu na imeshafungwa.

Wanaonunua ghorofani waongeze hesabu nyingine. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya 2008, unayemiliki nyumba ya ghorofa ya pili unamiliki pia, pamoja na wenzako, paa la ghorofa ya nane, lifti, pampu na tangi la chini ya ardhi. Paa likivuja, mtachanga. Kwa hiyo panda juu kabisa ukalione kabla ya kununua, hata kama hutarajii kufika huko tena. Na ndugu walioko Muscat, London au Minneapolis, wanaonunua kwa video ya WhatsApp au kwa kuangalia ramani ya nyumba ambayo haijamwagwa hata msingi: simu huonyesha sebule vizuri mno. Haionyeshi sakafu iliyo wazi chini, wala plasta inayoingia ufunguo. Usimwachie binamu akukagulie kwa sababu anakaa karibu. Mlipe mhandisi, na gawa malipo yako kwa hatua za ujenzi zilizothibitishwa na mhandisi huyo, badala ya tarehe za kalenda.

Najua pingamizi. Madalali watasema hakuna muuzaji wa mjini atakayekubali fedha zake zizuiliwe, wakati kuna mnunuzi mwingine nyuma yako na mkoba. Huenda. Lakini mnunuzi huyo wa nyuma tumeshasikia habari zake kwenye kila nyumba, hata ile ambayo bango lake la "inauzwa" limepauka kwa jua. Muuzaji mwenye mkopo anataka milioni 171 leo kuliko 180 za mwezi usiojulikana, na anayeamini kazi yake anajua milioni 9 zitarudi. Shemeji aliomba asilimia 5, akajibiwa sifuri, wakaishia asilimia 3 na sakafu ya ile kona ibomolewe na kushindiliwa upya kabla ya kusaini.

Kitu cha mwisho kwenye kifungu cha mkataba kinachozuia fedha hizo ni tarehe, na hapo watu wengi hukosea. Wauzaji hupenda miezi sita, na miezi sita inaonekana mingi. Ukisaini Juni, inaishia Desemba: vuli ndiyo inamalizika na masika bado. Usiandike idadi ya miezi. Andika siku. Kwa Dar es Salaam na pwani yote, iwe tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Dodoma, ambako mvua ni za msimu mmoja unaoanza karibu na Desemba na kuishia Aprili, 31 Mei inatosha.